Mhariri, mkiandika habari za mashefu wakubwa andikeni na masaa yao

Mhariri, salaam.

Mi ni mpishi, nafanya kazi jikoni kwenye hoteli hapa Dar es Salaam, na naandika kwasababu ya zile kurasa zenu za vijana na ajira. Siku hizi kila mara zinamsifia shefu fulani wa Ulaya mwenye nyota za Michelin (zile nyota moja mpaka tatu ambazo kitabu cha Wafaransa kinaipa migahawa bora), koti jeupe, mikono kaikunja kifuani, mbele yake sahani kubwa yenye vitu vitatu katikati, alafu chini mnaandika kwamba upishi ni fani inayolipa na vijana waikimbilie. Sina ugomvi na kuikimbilia, mi mwenyewe naipenda hii kazi kuliko kazi yoyote niliyowahi kuiona. Ila kuna kitu hamkiandiki hata siku moja nacho ni masaa, yaani yule mtu wa kwenye picha anaingia kazini saa ngapi na anatoka saa ngapi, nyuma yake wamesimama wangapi ambao picha haikuwachukua, na kati ya hao wangapi hawalipwi chochote.

Ngoja niseme siku yenyewe inavyokwenda maana naona watu wanadhani kazi inaanza mgeni akishakaa mezani. Mgahawa wa hadhi hiyo unaweza kuwa unapokea wageni arobaini au hamsini tu kwa usiku lakini jikoni kuna watu ishirini na zaidi, na wa kwanza wanaingia saa mbili au saa tatu asubuhi kupokea samaki na mboga. Kila samaki anageuzwa, anatazamwa macho, anafunuliwa mashavu, asiyeridhisha anarudi na gari lililomleta. Mifupa ya supu ya kutengenezea sosi inaoshwa, inachomwa kwenye oveni, inachemshwa kutwa nzima kwa moto mdogo na kuna mtu kazi yake ni kukaa nayo anatoa povu. Mwingine anakata karoti na vitunguu vipande vya milimita mbili vyote sawasawa, shefu akikuta kimoja kimezidi anamwaga beseni zima na unaanza upya. Mwingine kashika kibanio anapanga vijani vidogo kimoja kimoja, mgongo umeinama, lisaa lizima. Saa kumi na moja jioni mnakula chakula cha wafanyakazi haraka haraka, wengine wamesimama, mnafuta meza, mnapanga vituo, saa moja wageni wanaanza kuingia. Kuanzia hapo mpaka saa tano huendi hata chooni bila kumwomba wa pembeni akushikie nafasi. Mgeni wa mwisho akishaondoka ndo mnaanza kusugua majiko, kuta, sakafu, mabomba ya moshi yenye mafuta, mnaandika oda za kesho, saa saba usiku unatoka nje. Na kama wanafungua na mchana kuna yale mapumziko ya katikati, masaa mawili matatu, ambayo huwezi kwenda nayo nyumbani kwasababu nyumbani ni mbali, unaishia kulala kwenye kiti chumba cha kubadilishia nguo.

Hesabu mwenyewe. Hata ukitoa hayo mapumziko ni masaa kumi na nne, kumi na tano, siku tano au sita za wiki, mbele ya moto. Nimefanya kazi na watu wa miaka 30 wenye mishipa ya miguu imetoka yote, na mikono yao kuanzia kiwiko kushuka chini imejaa alama za milango ya oveni.

Haya sikuyasoma mahali. Kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa nchi za Ghuba, huko Uarabuni, komii, ngazi ya chini kabisa ya upishi ukiacha mastuadi wanaoosha vyombo, kwenye hoteli moja kubwa yenye mgahawa wa aina hiyo, jina silitaji. Mkataba ulisema masaa tisa. Tulikuwa tunaambiwa tukasaini kwamba tumetoka, alafu tunarudi jikoni kumalizia, hivo kwenye makaratasi kila mtu alikuwa anafanya masaa ya sheria vizuri kabisa. Kuna kijana wa Mombasa tulikuwa tunalala chumba kimoja, ana mkono mwepesi ajabu kwenye samaki, sijaona tena mtu wa kutoa mifupa vile, alikuwa akirudi anakaa kitandani na viatu miguuni na usingizi unampitia hapohapo mpaka asubuhi. Waganda, Warundi, Wafilipino, Wanepali, wote tulikuwa pale, na visa ya kila mmoja iko kwa mwajiri, kwahiyo ukifungua mdomo unajua unakata tiketi yako ya kurudi. Dubai ilipata kitabu chake cha Michelin Juni 2022, na mwaka 2025 migahawa miwili ya pale ikapewa nyota tatu, mmoja ni wa chakula cha Kihindi, Trèsind Studio, wa kwanza wa Kihindi kufika nyota tatu popote duniani. Hiyo ni heshima kubwa, watu wamepanda juu kwa viungo vya kwao, nimefurahi kwa moyo wote. Ndani ya migahawa hiyo siijui na siisemi vibaya. Ninachosema ni kwamba gazeti likiandika nyota za Dubai bila kuandika makomii wa Afrika Mashariki wanaojaza majiko ya mji ule, habari imeandikwa nusu.

Sasa hiyo nyota yenyewe inafanya nini kwa mtu. Michelin ni watengeneza matairi wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, kitabu chao walikitoa 1900 ili wenye magari wasafiri zaidi, nyota zikaanza 1926 na ile ngazi ya moja mbili tatu ikaja 1931. Nyota mbili maana yake inafaa upinde njia ukale pale, tatu maana yake mgahawa wenyewe ni sababu ya safari. Wakaguzi wanakuja kimyakimya, hawajitambulishi kabla, wanalipa bili yao na kuondoka. Na nyota haipewi mtu, inapewa mgahawa, na kila mwaka inaangaliwa upya. Hakuna siku utasema nimeshaipata sasa napumzika. Sahani ya leo usiku, ile ya meza ya pembeni ya mzee aliyekaa peke yake, huenda ndo inayopimwa, na kesho yake tena, na keshokutwa.

Naomba siku moja muandike kwa urefu habari za shefu wa Kifaransa Bernard Loiseau, sio mistari miwili. Alizaliwa 1951 Chamalières, jirani kabisa na huko Clermont-Ferrand kwenye matairi, akaingia jikoni kijana mdogo kwa ndugu wawili mashefu, akina Troisgros, pale Roanne, na 1975 akapelekwa Saulieu, mji mdogo Burgundy, kwenye hoteli ya zamani inaitwa La Côte d'Or ambayo sifa zake zilikuwa zimeshaisha. Akaanza kupanda nayo. Mwaka 1982 akainunua. Akapunguza siagi na krimu kwenye kupika, sosi zake akawa anazitoa kwenye majimaji ya nyama na mboga zenyewe ili ladha ya kitu isifunikwe, wakubwa wengine walimsema lakini yeye akashikilia. 1991 nyota ya tatu ikaja. Huku nyuma alikuwa amekopa pesa nyingi kupanua hoteli, vyumba, bustani, kwasababu wageni wa nyota tatu wanataka kulala pazuri, na kila chumba kipya maana yake jikoni lazima pajae. 1998 kampuni yake ikaingia soko la hisa la Paris, alikuwa shefu wa kwanza kufanya hivo. Televisheni, vitabu, vyakula vya dukani vyenye jina lake. Huyo ndo yule wa kwenye picha zenu.

Mwanzoni mwa 2003 kitabu kingine cha migahawa, Gault & Millau, kikamshusha kutoka alama 19 kwenda 17 kati ya 20. Magazeti yakaanza kuandika kwamba na Michelin nao wanafikiria kumnyang'anya nyota ya tatu. Kitabu cha Michelin cha mwaka ule kilipotoka nyota zake tatu zilikuwepo. Tarehe 24 Februari 2003, baada ya kazi ya mchana, alikwenda nyumbani na akajiua. Alikuwa na miaka 52, ameacha mke na watoto watatu. Sitasema alama mbili ndo zilimuua, mtu hafiki pale kwa sababu moja, alikuwa anaumwa sonona, amechoka, na biashara ilikuwa imebana. Lakini nauliza, mtu anayeumwa namna ile angelipumzika saa ngapi? Angekwenda kumwona daktari siku ipi, wakati asubuhi yuko kwenye samaki na usiku yuko kwenye meza za wageni anasalimia mmoja mmoja mpaka wa mwisho? Mke wake, Dominique, akaendelea na mgahawa, na nyota ile aliyokufa akiiogopea ilikaa pale mpaka 2016 ndipo ikaondolewa. Miaka kumi na tatu baada ya kumzika. Na mwaka huohuo 2016, mwishoni mwa Januari, shefu Benoît Violier wa Crissier kule Uswisi naye akajiua, miaka 44, wiki chache tu baada ya mgahawa wake kutajwa wa kwanza duniani na La Liste, orodha ya Wafaransa ya migahawa bora. Huyu hakuwa ameshushwa, alikuwa yuko juu kabisa.

Wapo walioona mapema wakasema hapana. Marco Pierre White, Muingereza, alipata nyota tatu akiwa na miaka 33 na mwaka 1999 akazirudisha na kuacha kupika. Lakini mi naheshimu zaidi alichofanya Sébastien Bras wa mgahawa wa Le Suquet, Laguiole, Ufaransa, kwasababu yeye hakuacha kupika. Nyota tatu za pale alizipata baba yake, Michel, 1999, mtoto akazirithi na jiko, na Septemba 2017 akatoa video akaomba wamtoe kwenye kitabu. Alieleza kwamba wanakuja mara mbili au tatu kwa mwaka hujui lini, kwahiyo kila sahani inayotoka unaitoa na hiyo hofu, na yeye anataka kupika na kichwa kikiwa huru. Michelin wakamtoa 2018. Mwaka uliofuata wakamrudisha na nyota mbili bila yeye kuomba! Hebu fikirieni hilo jambo. Mtu kasema kwa mdomo wake mzigo umemzidi, nao wakamtwisha tena.

Ila hao angalau ni wenye majina. Wakilia dunia inasikia. Mi moyo wangu uko zaidi kwa walio chini yao, na hapa nataka niongelee Noma, mgahawa wa Copenhagen, Denmark, ulioongozwa na shefu René Redzepi. Ilifunguliwa 2003, ile orodha ya kila mwaka ya migahawa 50 bora imeitaja mara tano kuwa bora duniani, mara ya mwisho 2021, na mwaka huo ikapata nyota ya tatu. Chakula cha mtu mmoja pale mwaka 2023 kilikuwa kama dola 500. Na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi ya pale ilifanywa na vijana kutoka dunia nzima waliokuja kujifunza bila mshahara, wanajilipia nauli, wanajilipia chumba kwenye mji wa gharama vile. Binti mmoja kutoka India aliliambia gazeti la New York Times kwamba alikaa miezi mitatu na kazi yake karibu yote ilikuwa kutengeneza wadudu wa rojo la matunda lililokaushwa, unapaka rojo kwenye vibao vyenye maumbo, unasubiri likauke, unaunganisha vichwa na mabawa kwa kibanio, kesho hivohivo, na akawa anakatazwa hata kucheka. Oktoba 2022 mgahawa ukaanza kuwalipa wanafunzi, gharama zikapanda kwa dola 50,000 kwa mwezi au zaidi kwa mujibu wa gazeti hilohilo. Januari 2023 Redzepi akatangaza kwamba Noma itaacha kuwa mgahawa wa kawaida, akasema kifedha na kibinadamu utaratibu huu hauendi.

Hapo ndo pa kusimama, ndugu mhariri. Mgahawa uliotajwa namba moja duniani, mtu alilipa dola 500 kwa mlo, foleni ya kuweka nafasi haikuisha, na mwenyewe akasema hauendi. Kama hauendi pale utakwenda wapi? Ferran Adrià, shefu wa mgahawa wa elBulli kule Roses, Hispania, watu wanasema kwa mwaka maombi yalifika milioni mbili na nafasi zilikuwa kama 8,000, na bado mgahawa wenyewe ulikuwa unakula hasara, pesa ikitoka kwenye vitabu na mihadhara, na jikoni humohumo kulikuwa na vijana wengi wa kujitolea, mpaka akafunga Julai 2011. Maana yake ni kwamba ile sahani haijawahi kuuzwa kwa bei yake halisi. Tofauti imelipwa na miguu ya vijana wanaosimama bure. Mgeni hajui, anadhani dola 500 ni nyingi mno, na kwa mfuko wa mtu wa kawaida kweli ni nyingi, lakini ukigawa kwa masaa ya mikono yote iliyogusa ile sahani unakuta kuna watu hawajafikiwa na hata senti.

Najua wenzangu wa fani watasema ndo shule hiyo, kila mtu amepitia. Nakubaliana nao nusu. Upishi haujifunzwi darasani, lazima usimame karibu na mtu anayejua, umwone anavyoshika kisu, usikie mafuta yanavyolia kabla ya kuweka samaki, na mwanafunzi anapunguza kasi ya jiko siku za mwanzo, hilo ni kweli na mwenye jiko anapata hasara kidogo. Lakini kufundisha kuna dalili zake. Anayefundishwa anahamishwa kituo, leo kwenye mboga, mwezi ujao kwenye sosi, anaonjeshwa, anaulizwa, anakosolewa akaelezwa kwanini. Anayefanya kitu kimoja miezi mitatu huyo ni kibarua, na kibarua analipwa.

Na kuna hili la matusi. Mashefu wanajitetea kwamba ndo mila ya jikoni tangu zamani, jiko ni jeshi. Waliotuletea huo mpangilio wa jeshi ni Wafaransa, na aliyeupanga vizuri ukaenea hotelini duniani kote ni Auguste Escoffier, aliyewahi kupikia jeshi vita ya 1870, alafu akaendesha majiko ya Savoy na Ritz. Kila jiko la hoteli kubwa hapa Dar, Arusha, Zanzibar, Nairobi, lile la shefu mkuu, msaidizi wake, mkuu wa kila kituo na makomii, ni mpango wake. Sasa huyo Escoffier mwenyewe alipiga marufuku kupiga kelele na kutukana jikoni, akakataza pombe wakati wa kazi na badala yake akawa anawawekea wapishi kinywaji cha shayiri kwa ajili ya joto. Akihisi hasira inampanda alikuwa anatoka nje mpaka itulie. Kwahiyo anayemrushia komii sahani asiseme anafuata mila, mwenye mila yake hakuwa hivo.

Ipo njia nyingine na imeshajaribiwa na watu wa nyota hizohizo. Sat Bains wa Nottingham, Uingereza, ana nyota mbili, mwaka 2015 aliamua mgahawa wake ufungue siku nne tu kwa wiki, wafanyakazi wapumzike siku tatu, na mishahara hakukata. Watu walimwambia atafilisika. Mgahawa bado upo na nyota ziko palepale. Yeye mwenyewe 2021 alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 50, akafanyiwa upasuaji, akarudi jikoni. Miaka ya nyuma ilikuwa imeshamla, nadhani, kabla hajapunguza siku. Mi nikisoma habari yake naona kwamba masaa ni uamuzi wa mwenye mgahawa, sio amri kutoka mbinguni, na mwenye akili anaweza kupunguza sahani kwenye menyu, kupunguza meza, kupandisha bei kidogo na kusema wazi kwanini.

Alafu wanawake. Majumbani kwetu jiko ni la mama, shughuli ya harusi ya watu mia tano inapikwa na kina mama na biriani inatoka bila kasoro, lakini ukiingia jiko la hoteli ya nyota tano hesabu wanawake waliopo juu ya ngazi ya mkuu wa kituo. Wachache sana. Sio kwamba hawawezi. Eugénie Brazier wa Lyon, msichana wa shamba, mwaka 1933 alikuwa na nyota tatu kwenye kila mmoja wa migahawa yake miwili kwa pamoja, wa kwanza duniani kufanya hivo, na Paul Bocuse ambaye Wafaransa wanamuona baba wa upishi wao alipita jikoni kwake. Mwaka 2024 Adejoké Bakare, Mnaijeria, alipata nyota London kwa chakula cha Afrika Magharibi. Wanaweza. Kinachowatoa ni hiyo saa saba usiku. Mama mwenye mtoto mchanga anatoka kazini saa saba usiku anarudi na nini, na mtoto ameachiwa nani? Nimeona dada zetu wawili watatu wenye mikono kuliko sisi wote wakiacha kazi kwa jambo hilohilo na hakuna aliyewauliza tufanyeje mbaki.

Sasa turudi hapa kwetu, maana ndo hasa ninapotaka muangalie. Hapa hatuna nyota za Michelin za kugombania lakini tabia tumeshazichukua. Wanafunzi wa vyuo vya hoteli wanakuja fildi miezi miwili mitatu, chuo kimewaandikia kitabu cha kujaza kwamba wapite idara zote, na msimu wa watalii ukifika, Juni mpaka Oktoba, na tena Desemba, kuna hoteli zinajaza watoto wa fildi badala ya kuajiri vibarua. Mtoto anawekwa kwenye viazi na vitunguu kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho, anaingia shifti ya jioni anatoka daladala zimeshaisha, nauli ya bodaboda anatafuta mwenyewe, na siku ya mwisho anasainiwa kile kitabu kwamba amepita kote. Nimewahi kuona hivyo kwenye zaidi ya hoteli moja nilizofanya kazi. Kwa heshima yote hoteli nyingine hazifanyi hivyo, zipo zinazotoa posho na gari la usiku, na mashefu wake wanajulikana na vijana wote mjini kwasababu kila mwanafunzi anataka apelekwe kwao.

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ya ziada yasizidi 50 kwa wiki nne na yalipwe mara moja na nusu, kazi ya usiku ina nyongeza yake, na kati ya kutoka kazini na kurudi mtu apate masaa 12 ya kupumzika. Ukitoka saa saba usiku, masaa 12 yanafika saa saba mchana. Waulizeni wapishi ni wangapi wanaingia saa saba mchana baada ya kufunga jiko usiku ule. Na mwanafunzi wa fildi kwa kuwa sio mwajiriwa anaonekana kama vile sheria haimuoni kabisa, hapo sasa vyuo na Wizara waseme, kama mtoto anafanya kazi ya kibarua masaa ya kibarua, ni nani mwenye jukumu lake akiungua na mafuta saa nne usiku?

Nasema haya na bado nawaambia vijana waje. Kazi ni nzuri. Hakuna kitu kinanipa raha kama pweza aliyeiva sawasawa, unambonyeza kwa kidole unajua, na mgeni anarudisha sahani tupu. Na Afrika inaanza kuwa na migahawa ya juu ya kwake yenyewe. Kigali kuna Meza Malonga ya Dieuveil Malonga, Mkongo aliyekulia Ujerumani, anasafiri nchi za Afrika anatafuta viungo na namna za kupika za kina bibi, anazileta kwenye sahani za hadhi ya juu kabisa na jikoni amejaza vijana wa Kiafrika. Habari kama hiyo ndo ningependa kuisoma kwenye kurasa zenu, lakini muulizeni na yeye maswali haya haya. Akijibu vizuri, basi vijana wana mahali pa kulinganisha wanapopewa mkataba.

Kwahiyo ombi langu kwa gazeti ni dogo. Mkimhoji shefu, wa hapa au wa nje, pamoja na kumuuliza sahani anayoipenda muulizeni jiko lake linaingia saa ngapi linatoka saa ngapi, wangapi hawalipwi, wa fildi wanahamishwa vituo au wamekaa kwenye viazi, wa usiku wanafikaje nyumbani. Andikeni majibu kama walivyojibu. Na wenye hoteli wanaosoma hapa, wale wanaolipa posho na kutoa usafiri, waandikieni mhariri mseme mnafanyaje na inawagharimu kiasi gani, maana wengine wanasema haiwezekani. Mkitaka kuja wenyewe, njooni Ijumaa usiku, simameni geti la wafanyakazi la hoteli yoyote kubwa kuanzia saa sita na muongee na watoto wanavyotoka.

Ahsante,
Mpishi, msomaji wenu
Kinondoni, Dar es Salaam